Nyama Mara Tatu kwa Wiki

Fundi alitoka katika jiko la zamani akiwa amekumbatia chungu kwa mikono yote miwili. Masizi yalikuwa yamemchafua kifua. "Madam," akaniuliza, "hiki nacho tutupe?"

Nilikuwa nimesimama uani na ramani ya nyumba yangu mpya mkononi, nikiwaharakisha. Jiko lile la udongo lilikuwa la nyanya yangu, na lilikuwa limesimama mahali ambapo nilitaka sebule yangu ianzie. Nilifungua kinywa kusema, tupa. Lakini harufu ilinifikia kabla sijatamka. Sijui kama chungu kilichokaa kitupu miaka yote hiyo, kimefichwa nyuma ya kuni, kinaweza kweli kubaki na harufu. Ninachojua ni kwamba nilisikia moshi, na maziwa yaliyolala, na ule uchungu wa mboga ya chinsaga uliokuwa ukinifuata shuleni hadi kwenye dawati. Nikajikuta nimekaa juu ya rundo la matofali.

"Kiweke hapa," nikamwambia. "Polepole."

Wanaonijua watashangaa kusikia kwamba chungu kiliniketisha chini. Mimi si mtu wa kuketishwa. Nilitoka hapa kijijini, upande wa Birongo, bila hata sanduku, nikaenda nchi za Ghuba, Uarabuni, kutunza wazee wa watu kwa miaka minane. Nikarudi na akiba yangu mwenyewe, nikajilipia karo, nikakaa darasani na wasichana ambao ningeweza kuwazaa, nikatoka na stashahada ya famasia. Cheti kimetundikwa ukutani katika duka langu la dawa pale Nyakoe, mahali ambapo kila anayeingia anakiona kabla ya kuniona mimi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hakuna mume aliyenifungulia duka. Nyumba ninayojenga ina vyumba vitano, na bomba la maji litaingia ndani. Wengi wa rika langu, tuliokulia katika moshi wa kuni, huzungumza juu ya mafanikio yao kama watu wanaoomba radhi. Mimi siombi radhi kwa lolote, isipokuwa jambo moja, na hilo lilikuwa mle ndani ya chungu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mama alipojifungua mdogo wangu, Kemunto. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai Kericho na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya wanawake: mama, mimi, mtoto, na nyanya, mama yake baba, ambaye kwa lugha yetu tulimwita Magokoro. Kwetu mwanamke akijifungua huletewa chinsaga. Ni mboga ya majani madogo, yenye uchungu kidogo, na kila mtu atakuambia kwamba hakuna kitu kinachorudisha damu kama hiyo. Majirani walikuja na mafungu yaliyofungwa kwa ukanda wa mgomba. Mimi nilikaa kizingitini nikichambua majani mpaka vidole vikawa kijani. Magokoro alichemsha, akamwaga maji ya kwanza, akatia maziwa, akakiacha chungu kando ya moto. Kesho yake aliongeza maziwa, akapasha tena. Siku ya tatu mboga ilikuwa laini kama siagi, na hiyo ndiyo waliyosema ni tamu. Ijumaa jioni chungu kilijazwa hadi ukingoni, maana Sabato hatukupika, tulipasha tu.

Mtoto alipokuwa na wiki mbili, mguu wa kushoto wa mama ulivimba. Ulivimba hadi ngozi ikang'aa, na alipokanyaga chini alifunga macho. Alipelekwa hospitali, akalazwa siku nyingi, na wakasema damu imeganda ndani ya mshipa wa mguu. Wakampa vidonge vya kuizuia isigande tena. Vilikuwa vidogo, vya waridi, vizuri kama peremende. Nilivipenda. Sikuweza kuamini kwamba kitu kidogo kama kile kilikuwa na kazi yoyote kubwa mwilini.

Siku ya kuruhusiwa kutoka, nilikwenda kumchukua pamoja na jirani yetu, Mama Bosibori. Magokoro alibaki na ng'ombe. Daktari wa kliniki alikuwa kijana mrefu kutoka upande wa ziwa, mwenye viatu vinavyong'aa, na hakujua Kigusii hata salamu. Mama alijua Kiswahili cha sokoni, cha bei na cha "karibu mteja". Mama Bosibori hakumzidi. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani katika Kiswahili. Kwa hiyo daktari aliinama, akanitazama machoni, akaniambia mambo marefu kwa upole.

"Mwambie mama dawa hii ni saa ileile kila jioni. Asiruke, asirudie. Na mboga za majani, asiache na asiongeze. Kiasi anachokula wiki hii, ndicho ale wiki ijayo. Mboga zinapigana na hii dawa, unaelewa? Akibadilisha mboga, nami lazima nibadilishe dawa. Akiona damu kwenye fizi, ama alama nyeusi kwenye ngozi bila kugongwa, ama choo cheusi, aje siku hiyohiyo. Asingoje tarehe."

Nilikuwa nikitikisa kichwa kila neno. Nilifurahi sana kuzungumziwa hivyo, kama mtu mzima, mbele ya watu. Lakini mtoto hubeba kile kinachomwenea mikononi. Mama aliponigeukia na kuuliza, "Anasemaje?" nikamwambia, "Anasema umeze kila jioni, na ule vizuri." Nilidhani ndiyo maana yake yote. Watu wazima walipozungumza kirefu na mgonjwa, mwisho wake ulikuwa huohuo siku zote: kula vizuri.

"Hayo yote marefu ni kula vizuri tu?" Mama Bosibori akacheka. "Waluo wanapenda kuongea."

Kliniki ilikuwa kila baada ya wiki chache, na kila mara walimtoa damu. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, ingawa hakuna aliyeona. Walivuta damu kwenye kichupa, wakaipeleka dirishani kupimwa. Mama aliporudi nyumbani na pamba kwenye mkono, Magokoro aliuangalia ule mkono kama mtu aliyeibiwa.

"Wamemtoa tena?"

"Kichupa kimoja," nikasema.

"Kikubwa?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akaona ni kikubwa. Mwanamke mzazi, ananyonyesha, mguu umevimba, na bado wanamtoa damu! Alienda shambani na kikapu. Akamwambia Mama Bosibori, naye akawaambia wanawake wa kanisani, na Sabato ile baada ya ibada mafungu ya chinsaga yakaja mlangoni kuliko siku ya uzazi. Mama alikula asubuhi, akala mchana, akanywa na ule mchuzi wake. Mimi nami, katika akili yangu, niliona kichupa na chungu vikishindana: kule wanatoa, huku tunajaza. Kila mama alipomaliza sahani nilihisi tumewashinda wale wa hospitali. Nilimsukumia sahani. "Maliza, mama," nilimwambia. "Watakutoa tena." Alinikodolea macho ya utani. "Wewe umekuwa mama mkwe wangu wa pili," alisema, akamaliza.

Nawaambia wenzangu wa rika hili jambo ambalo nililipia karo kulijua. Dawa ile na mboga za kijani kibichi zinavutana kama watu wawili kwenye kamba moja. Mboga zikizidi, dawa inashindwa, damu inarudi kuganda. Mboga zikipungua ghafla, dawa inabaki inavuta peke yake. Hakuna aliye mbaya kati yao. Kinachotakiwa ni zisibadilike, na zikibadilika, anayepima ajue. Magokoro hakujua. Mimi niliambiwa.

Kliniki iliyofuata tulikwenda na Magokoro ili ambebe Kemunto, kwa kuwa mkono wa mama ulikuwa umechoka. Tulikaa kwenye benchi refu tangu asubuhi. Kando yangu alikaa msichana wa mjini, umri wangu, soksi nyeupe, akila mkate mweupe kutoka kwenye karatasi. Nilimtazama mara moja tu na akaelewa natazama nini. Akasogea. Halafu akainua pua, akanusa hewa, akamwambia mama yake kwa sauti ambayo benchi lote lilisikia:

"Mami, huyu ananuka mboga."

"Nyamaza," mama yake akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

"Si mboga ya kawaida. Ile ya kulala."

Shuleni nilikuwa nimeshazoea. Wale waliokuwa na baba walimu waliniita Chungu. Lakini kusikia katika hospitali, na mama yangu ameketi pale na kitambaa chake kizuri, na nyanya yangu amevaa viatu vyake vya Sabato, nilihisi masikio yakipata moto. Nikajiapiza kwamba siku moja nitakula mkate hadi niuchoke. Nimeuchoka. Huko Ghuba niliula miaka minane. Lakini siku ile nilikuwa bado naumezea mate jina letu lilipoitwa, na mlango wa chumba cha daktari ukabaki wazi nyuma yetu, na yule msichana akabaki amekaa mkabala nao, miguu ikining'inia, akitusikiliza.

Daktari alitazama karatasi ya kipimo, akakunja uso. "Damu yake inaganda haraka kuliko tunavyotaka," akaniambia. "Anameza dawa kila siku?"

"Kila siku, daktari."

"Hajaruka?"

"Hajaruka."

"Na chakula? Ameongeza mboga za majani? Sukuma, managu, ile yenu chungu?"

Nilisikia soksi nyeupe zikiacha kuning'inia. Mpaka leo ningeweza kuchora ule mlango, na kivuli cha ule mguu kwenye sakafu.

"Hapana, daktari," nikasema, na nikasema kwa Kiswahili changu kizuri kuliko vyote. "Sisi hatuli mboga sana. Tunakula nyama mara tatu kwa wiki, na mkate."

Daktari akacheka, uso ukamfunguka. "Nyama mara tatu! Basi mimi nahamia kwenu."

"Karibu," nikasema.

Mama aliniuliza kwa lugha yetu, "Mnacheka nini?"

"Anauliza kama unakula vizuri. Nimemwambia ndiyo."

"Mwambie nakula sana. Mwambie mama mkwe wangu ananilisha kama ng'ombe."

Nikamgeukia daktari. "Mama anasema asante."

Magokoro alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mtoto mapajani, anaangalia dirishani. Nilijua haelewi. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akitamka neno la Kiswahili, hata kwa muuza samaki. Daktari aliandika kwenye kitabu. Kama chakula hakijabadilika, basi dawa ndiyo haitoshi. Akaongeza. Alifanya kile ambacho mimi leo, pamoja na cheti changu ukutani, ningefanya kama mtoto mwenye sauti ya uhakika angeniambia maneno yale. Baadaye akaongeza tena, maana tulirudi na chinsaga ile ile na uongo ule ule. Mara ya pili hata hakuniuliza kirefu. Alisema, "Bado nyama mara tatu?" na mimi nikasema, "Bado," tukacheka kama watu wanaojuana.

Wiki ileile ya nyongeza ya pili ikanyesha mvua ya mawe. Watu wa kwetu wanajua mvua ile, inakuja alasiri kama mvua nyingine, halafu bati linaanza kupiga kelele hadi huwezi kumsikia mtu aliye kando yako. Ilipokatika tulitoka nje tukakuta kweupe kwa barafu. Migomba ilikuwa imechanwa vipande kama nguo kuukuu. Majani ya chai yalikuwa yamelala kwenye matope. Na lile shamba dogo nyuma ya jiko, la Magokoro, lilikuwa limekuwa uji wa kijani. Kwa Mama Bosibori ni hivyo hivyo. Ukanda wetu wote haukubaki na jani la kuchuma. Magokoro alisimama amejishika kiuno, akasema, "Sasa nitamlisha nini?"

Mimi nilifurahi. Nalisema kwa sababu nikiacha hili nitakuwa nimedanganya tena. Chungu kilikuwa kikavu, na nilikwenda shuleni nikiwa sinuki. Tulikula ugali na maharage, na ndizi za kupika zilizoangushwa na mawe, na kabichi nyeupe kutoka Marani wakati baba alipotuma chochote. Na kila jioni mama alimeza vidonge vyake vya waridi, vile vilivyoongezwa ili vishindane na chungu kilichojaa. Nilimpa mimi, na maji kwenye kikombe cha bluu, saa ileile. Sikuruka hata siku moja.

Nilikuwa wa kwanza kuona. Asubuhi moja mama alisukutua mdomo nje, akatema, na maji yalikuwa na uzi mwekundu. Alipanguza kwa kidole, akakitazama. Siku nyingine nilipomsaidia kuoga niliona paja lake lina alama kubwa, ya zambarau, pembeni manjano.

"Umegongwa na nini, mama?"

"Labda ni ng'ombe. Sikumbuki." Kisha akanishika mkono. "Usimwambie Magokoro. Atazunguka vijiji vyote kutafuta chinsaga, na mvua imemaliza. Kliniki ni wiki ijayo. Tutamwambia daktari."

Damu kwenye fizi. Alama bila kugongwa. Maneno yale yalikuwa ndani yangu yote, kwa mpangilio, jinsi daktari alivyoyapanga. Aje siku hiyohiyo, asingoje tarehe. Nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu, na sikuyapa mtu. Huwa najiuliza kama niliyasahau. Sidhani. Nadhani niliyaona kama maneno ya daktari, ambayo ni ya hospitalini, na yanabaki kule pamoja na harufu ya dawa ya kuua viini. Nyumbani kulikuwa na maneno ya nyumbani. Tena kumrudia daktari kabla ya siku kungekuwa na maswali, na mimi ndiye ningejibu.

Siku tatu kabla ya kliniki, mama alikwenda na wengine kuokoa majani machache ya chai yaliyoanza kuchipua. Kulikuwa kumekucha vizuri, jua jembamba. Aliweka mkono kichwani, akamwambia Mama Bosibori kichwa kinampasuka, akakaa chini kati ya mistari ya chai. Alitapika. Mama Bosibori alipomfikia, mkono wake mmoja haukuwa unashika tena. Walimbeba kwa blanketi hadi barabarani. Alikaa hospitali siku mbili bila kufungua macho. Damu, walisema, ilikuwa imevuja ndani ya kichwa.

Katika korido, baada ya kutuambia kwamba mama amefariki, yule daktari aliinama tena mbele yangu. Viatu vyake vilikuwa na matope siku ile. Hakuwa na hasira, ila alikuwa amechoka na alitaka kuelewa. "Muulize nyanya," akasema, "kabla ya wiki hizi za mwisho, mama alikuwa anakula mboga nyingi, halafu akaacha?"

Nikamgeukia Magokoro. Ningeweza kusema lolote. Nikamwambia, "Anauliza kama ulikuwa unampikia chinsaga."

Magokoro alinitazama. Kemunto alikuwa analia mgongoni mwake. "Nilimpikia," akasema. "Kila siku. Mpaka mvua ya mawe."

Nami nikamwambia daktari, "Nyanya anasema ni yeye alikuwa anampikia. Mimi sikujua."

Daktari akafumba macho. "Sasa naelewa," akasema. Kisha akaeleza, na mimi nikatafsiri, safari hii neno kwa neno, sikuacha hata moja: jinsi mboga zilivyoficha nguvu ya dawa, na jinsi zilivyoisha.

Maneno hayo yalifika nyumbani kabla ya jeneza. Waliokuja matangani walinong'ona kwamba mboga za mama mkwe ndizo zimemmaliza. Shangazi mmoja alisema kwa sauti, sahani ikiwa mkononi, "Kuna watu wanaolisha mtu hadi kaburini." Baba, aliporudi kutoka Kericho, mwaka ule wote hakula jikoni mwa mama yake. Magokoro hakujitetea. Aliosha chungu, akakipeleka nyuma ya kuni, na hakupika chinsaga tena. Ilipoota tena nyuma ya jiko, aling'oa kama magugu. Kemunto alikua bila kujua ladha yake. Wanawake walipojifungua kijijini, Magokoro hakupeleka fungu, na hakuna aliyemwomba.

Mimi nilikaa kimya. Nilikaa kimya shuleni, nilikaa kimya Ghuba, nikihesabu vidonge vya mzee wa watu katika kisanduku chenye vyumba saba, na watoto wake wakinisifu kwamba sikosei. Watu wanadhani nilisomea famasia kwa sababu ina faida. Kwenye duka langu sifungi dawa kabla mteja hajanirudishia maneno yangu kwa kinywa chake mwenyewe. Namuuliza, "Nimekuambia nini?" Wengine wanaudhika. "Daktari, nina haraka." Namwambia asubiri. Akija mgonjwa na mtoto wa kumtafsiria, nampa mtoto kiti nje na kumtafuta mtu mzima. Na siulizi kama wanakula mboga. Nauliza, "Jana jioni mlipika nini? Na juzi?" Nainamisha kichwa mezani ili nisionekane nawatazama viatu. Wananisifu kwa hilo kutoka Marani hadi Birongo, na sifa ninazipokea. Ila sikuwahi kumwambia mtu nilikojifunzia.

Magokoro bado yuko. Macho yamefifia, magoti hayamtii, lakini yuko. Siku ile ya chungu nilimkuta ameketi kwenye jua nje ya chumba chake, akisikiliza nyundo zikibomoa jiko lake. Nikakiweka chungu mapajani pake. Hakuuliza ni nini. Alipitisha kidole kwenye ukingo, pale palipovunjika kidogo, akaacha kidole pale.

"Nilifikiri mchwa wamekifunika," akasema.

Nikaketi chini miguuni pake, mimi na suruali yangu ya kazi, na nikamwambia yote. Nilimwambia daktari alisema nini siku ya kwanza, na mimi nilimpa mama nini. Nilimwambia juu ya msichana wa mkate. Nilipofika kwenye jibu langu kwa daktari, ulimi ulikataa. Nilisema tu, "Nilimdanganya, Magokoro. Nilimwambia..."

"Tunakula nyama mara tatu kwa wiki," akasema Magokoro. "Na mkate."

Aliyasema kwa Kiswahili. Kiswahili kizito, cha kwetu, lakini kila neno mahali pake.

Nikainua macho nimtazame.

"Nilichuma chai Kericho kwa miaka sita kabla babu yako hajanioa," alisema, akirudi kwenye lugha yetu. "Unafikiri nyapara alikuwa ananitukana kwa lugha gani? Niliacha kukisema kwa sababu watu walicheka nikikisema. Kusikia sikuacha."

"Ulikuwa unaelewa? Mle chumbani?"

"Kila kitu."

"Kwa nini hukusema?"

Alikizungusha chungu mapajani. Nyundo zilikuwa zimenyamaza, mafundi walikuwa wakinywa chai. "Nilipenda ulivyosema," akasema. "Yule kijana alikuwa na viatu vizuri. Nikasema moyoni, wacha asikie kwamba mke wa mwanangu analishwa nyama. Sikujua mboga ina neno. Kama ungesema mboga zinapigana na dawa, ningesema, hata kwa Kiswahili kibovu. Lakini nilijua ni uongo. Nilikaa pale na mtoto mapajani, nikafurahia uongo."

"Na kule korido? Nilipokuachia yote?"

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa mtu mzima mle ndani."

Nililia kama sikulia matangani. Aliniacha nilie. Aliweka mkono ndani ya chungu, akawa anapapasa chini, pale ambapo maziwa yalikuwa yakishika, kama mtu anayetafuta kilichobaki.

"Mara tatu," alisema baada ya muda, akaanza kucheka kwa ndani, mabega yakitikisika. "Wewe msichana. Hata mwalimu mkuu hakula nyama mara tatu." Akacheka hadi akakohoa, nami nikacheka pamoja naye, pua ikinitiririka. Kisha kicheko kikaisha, kwake kwanza, halafu kwangu. Mkono wake ulikuwa bado mle ndani ya chungu.

"Alikuwa anaipenda, lakini," akasema. "Chinsaga yangu. Hakuwa anakula kwa kulazimishwa."

"Aliipenda," nikamwambia. "Alisema nimwambie daktari. Sikumwambia."